Kaniki ya Mkunga

Jamani, leo nimeumbuka, na nilistahili.

Mnaujua ule mchezo wangu wa kanisani, wa sista muuguzi wa miaka ya hamsini, enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza? Sasa tunautengenezea filamu.

Leo tulikuwa Matambarale, kijiji alikofanyia kazi sista mwenyewe, uani kwa Bibi Somoe, mzee wa pale. Alituazima hata kaniki ya marehemu mama yake, tumvalishe mkunga.

Yule mkunga mchawi anayemfukuza sista kwa ufagio. Kanisani watu huwa hawana mbavu!

Tukarekodi. Tukacheka wote.

Bibi hakucheka.

"Mjukuu wangu, huyu mkunga ni nani?"

"Nimemtunga tu, Bibi. Nilitaka sista ang'ae."

"Mkunga wa hapa alikuwa mama yangu. Sista alipougua, mama alimuuguza humu ndani siku tisa. Uji nilikuwa nampelekea mimi."

Mwigizaji wangu kashika ufagio, hajui auweke wapi.

Nikaanza kuomba radhi. Ninyi mngesema nini?

Bibi akanyoosha mkono tu.

"Kama mmemaliza kumcheka, naomba nguo yake."