Siku Akoo Alipohesabu Maua

Nikiwa mtoto wa miaka tisa pale Bulla Pesa, sikujua mahali palipokuwa mbali na vumbi kuliko bustani ya nyanya yangu. Ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini ukiingia humo ungedhani umehamia nchi nyingine. Makelele ya malori ya mbuzi yalififia, hata jua lilionekana kupunguza ukali.

Tulimwita Akoo, kama Waborana wanavyomwita nyanya. Katika mji ambao maji yaliletwa kwa mkokoteni wa punda, yeye alikuwa na maua. Alitawadhia juu ya beseni ili tone lisipotee, na baada ya swala maji yale yalipelekwa bustanini, yakagawanywa kikombe kwa kikombe, kila mche na haki yake.

Mwaka ule mvua ilinyesha vizuri, na maua yakachanua kwa namna ambayo sijaiona tena. Boganvilia ilifunika ukuta wa mabati mpaka kutu isionekane. Asmini ilinukia tangu alfajiri. Waridi la jangwani, ambalo Akoo alilichimbua mwenyewe kando ya njia ya Rapsu, lilitoa maua ya rangi ya waridi kwenye shina nene lililovimba kama mtungi. Jua lilipoanza kushuka tulitandika mkeka katikati ya hayo yote. Mama alikuwa mjamzito, karibu miezi saba. Alinyoosha miguu iliyovimba, Akoo akamkanda kwa mafuta, na mimi nikalaza kichwa pajani mwa Mama nikisikiliza nyuki. Mara nyingi sikujua kama nimelala au niko macho. Mpaka leo nikinusa asmini, mwili wangu hulegea wenyewe.

Jioni moja kati ya hizo, nilisimama nikaanza kuhesabu. Siku hiyo Mwalimu Ekai, aliyetufundisha hesabu, alikuwa amenisifu mbele ya darasa zima, na bado nilikuwa nimelewa sifa. Nilipita kwenye waridi la jangwani, kidole kwenye kila ua, mpaka nikafika ishirini na saba. Maua yakaisha, hamu haikuisha. Nikageukia watu.

"Baba moja, Mama mbili, Akoo tatu, mimi nne," nikasema. Kisha nikagusa tumbo la Mama. "Na huyu tano!"

"Intal, nyamaza!" Akoo hakuwahi kunipigia kelele kabla ya siku hiyo. Intal ni msichana, na kwa kawaida alilitamka kwa sauti laini kama ya mtu anayebembeleza. Alikikamata kidole changu, akakipulizia, midomo ikicheza kwa dua. "Kitu unapenda haihesabiwi. Hata mbuzi hatuhesabu. Ukihesabu, inapungua."

Hilo halikuwa neno lake peke yake. Watu wake walichunga mifugo maisha yao yote bila kuihesabu. Jioni wanyama waliporudi, mchungaji aliwatazama tu, akajua kwa sura na rangi ni nani hayupo. Na mtu akimuuliza Akoo ana watoto wangapi, alijibu, "Mungu amenipa," basi.

Siku ya nne baada ya hapo, Mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Baba alimpeleka hospitalini. Aliporudi, mikono yake ilikuwa mitupu. Mtoto alikuwa wa kiume, na aliishi usiku mmoja tu. Wanawake wa jirani walijaa nyumbani kwetu wakisema inna lillahi, wakinipapasa kichwa walipopita. Nilitoroka nikaenda bustanini. Asmini nyingi zilikuwa zimedondoka chini, nyeupe, zimesinyaa. Sasa najua asmini hudondoka kila siku. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba vyote nilivyovihesabu vimeanza kupungua.

Hakuna aliyenilaumu, wala hakuna aliyenitaja. Akoo alikuwa akigeuza uso nilipomkaribia. Alikuwa akilia na hakutaka nione, lakini mimi niliona ameshindwa kunitazama.

Nikaacha kuhesabu. Sikuruka kamba na wenzangu kwa sababu waliokuwa wakizungusha walikuwa wakihesabu. Darasani, Mwalimu Ekai alipomwaga vifuniko vya soda mezani na kuniita, nilisimama nimebana midomo. Mwanzoni alidhani ni ukaidi. Baadaye, nilipoanza kulia kila alipolitaja jina langu, aliogopa. Jumamosi moja asubuhi akaja nyumbani.

"Habari ya hapa, mama," alimsalimu Akoo.

"Nzuri, mwalimu. Karibu chai."

Alikaa, lakini kikombe hakukigusa. "Huyu mtoto alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Sasa hata moja hawezi kusema. Nikimuuliza, analia tu. Kuna nini?"

Mama alikuwa mlangoni. Wote watatu walinitazama, na mimi nikatazama miguu yangu.

"Nilimhesabu mtoto," nikasema. "Ndiyo maana akakufa."

Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Akoo aliinuka polepole, mkono kwenye goti, akanishika, tukaenda bustanini. Nilisikia hatua za Mama zikitufuata.

"Tangu siku hiyo umebeba hii peke yako?" Akoo aliniuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

Aliyatazama maua yake kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole, akaligusa ua la kwanza la waridi la jangwani.

"Tokko," akasema. Moja. "Lama. Sadi. Afur."

Alipofika kumi alianza upya. Alilimaliza waridi, akaenda kwenye asmini, akaenda kwenye boganvilia, akigusa na kutaja, na mimi nikimfuata kama mtu aliye ndotoni. Upepo ulikuwa umetulia. Nyuma yetu Mama alikuwa akilia bila kujificha, mara ya kwanza tangu atoke hospitalini. Akoo alipochoka aliketi chini kwenye udongo, akanivuta mapajani.

"Sasa sikiliza. Tokko, Galgalo. Lama, Dabo. Sadi, Tume. Afur, Liban. Hao ni watoto yangu Mungu alichukua. Sikuwahesabu hata siku moja wakiwa hai, na walienda. Unasikia? Kidole ya mtoto haiwezi kuita kifo." Akajigusa kifuani, akafika tano. "Shan, mimi. Haya, sema wewe."

Nililigusa ua lililokuwa karibu nami. "Moja," nikasema, na kidole kikaenda chenyewe kwenye ua la pili.

Jumatatu nilirudi kwenye vifuniko vya soda. Mama alipona taratibu, na Akoo aliishi miaka mingi baada ya hapo, mpaka nikamaliza shule. Kwa muda huo wote niliamini kwamba siku ile alinionyesha kuwa imani ya wazee ni maneno matupu, na nilijiona nimeelimika.

Ni baada ya kumzika ndipo Mama aliponisimulia yaliyofuata. Jioni ya Jumamosi ile Akoo alifukiza ubani bustanini, akakaa kwenye mswala kutoka magharibi hadi isha, akiomba kwamba kama kuna kitu amekifungua, kimpate yeye. Kwa wiki nzima alikuwa akija usiku kutusikiliza tukipumua. Na kweli, nikikumbuka, sikumsikia tena akihesabu kitu chochote.

Kwa hiyo hakuwa ameacha kuamini. Nimeirudia asubuhi ile mara nyingi kichwani, na sasa nasikia kile ambacho sikukisikia nilipokuwa mapajani mwake. Aliyataja maua, akawataja waliokufa, kisha akajitaja yeye mwenyewe. Baba hakumtaja, ingawa naye ni mwanawe. Mama hakumtaja. Mimi hakunitaja. Kila alichokihesabu siku ile ni kile tu alichokwisha kukipoteza, au alichokuwa tayari kukipoteza kwa ajili yangu.