Bata Walipogeuka na Filimbi Imefunguliwa

Kwetu, kwenye misitu inayofurika maji ya mto Cache, wawindaji tunaweza kuwa watano lakini mwita bata, yule anayewavuta bata mwitu kwa filimbi yenye sauti kama yao, ni mmoja. Wengine hujibanza kwenye miti na kufunga midomo. Kwa miaka mingi mwitaji wetu alikuwa Verlon Tackett, fundi wa matrekta. Hakuwa na sifa nyingine duniani. Nyumbani msemaji alikuwa mkewe, Oleta. Lakini Verlon akitia filimbi mdomoni, bata walioko mawinguni walikata kona.

Filimbi alizichonga mwenyewe kwa mti mgumu. Kabla ya kuita hakula kitu, maana chembe moja ya mkate ikiingia chini ya ule ulimi mwembamba wa ndani, filimbi hukwama.

"We Dewey, mdomo wako umejaa makombo, usinigusie filimbi!" alikuwa akimfokea rafiki yake.

Kisha masikio yakaanza kumtupa mkono, kwa sababu ya bunduki za miaka yote ile. Mficha maradhi kilio humuumbua: yeye alisema filimbi ndiyo imekuwa nzito. Kila wiki akaukwangua ule ulimi wa filimbi, mpaka sauti ikawa ya paka aliyekanyagwa mkia. Bata wakiisikia hupaa. Sisi tunatazama maji. Nani angemwambia? Waoga wakubwa sisi.

Dewey ndiye aliyeanza kumsitiri. Verlon akinyamaza kuvuta pumzi, Dewey, nyuma ya mti, hupuliza filimbi yake na kuwarudisha bata. Verlon hasikii kitu. Anachoona ni bata wanashuka.

"Leo umewavuta kwa kamba, mzee!" Dewey humpigia kelele mkahawani tukitoka kuwinda, na Verlon hucheka, uso mwekundu kwa furaha. Mimi huinamia sahani yangu.

Asubuhi moja ya Januari baridi ilikuwa kali hata mate yakaganda ndani ya filimbi ya Verlon. Akaifungua, akawa anaupangusa ulimi kwa shati. Kundi la bata lilikuwa linakwenda zake. Dewey, kwa mazoea, akapuliza. Verlon akainua macho akaona bata wanageuka, mabawa wameyakunja kutaka kutua, na filimbi yake iko vipande viwili mikononi.

Akatutazama mmoja mmoja, mpaka akamfikia Dewey, mashavu yamejaa upepo.

"Tangu lini?"

Dewey akainamisha kichwa, akamwonyesha vidole viwili. Misimu miwili.

"Na kule mkahawani mlikuwa mnanicheka?"

Tukatikisa vichwa wote.

"Afadhali mngenicheka," akasema. Machozi yalikuwa yanamlenga, nami nikatamani maji yale yanimeze.

Akamwambia Dewey, "Haya, ita." Dewey akaita. Bata wakashuka, wakatua karibu yetu kabisa, na hakuna aliyeinua bunduki. Verlon akanisogelea.

"Anaita vizuri?"

"Vizuri," nikanong'ona.

"Nini?"

"Vizuri, mzee."

"Sikusikii, bwana! Anaita vizuri kama mimi?"

Ikabidi nipige kelele, msitu mzima usikie: "Kukushinda!"

Bata wote wakaruka.