Kisanduku Kilichofumiwa Kitambaa

Mikumi nilipata nyumba za utafiti wangu bila shida. Kilosa nilipata moja tu, ya mama mmoja wa Mabwerebwere, nesi mstaafu, ambaye mwanawe alimwekea intaneti ili waonane kwenye simu. Nilimwomba nichomeke kisanduku kidogo kwenye rauta yake kwa mwezi mmoja, kipime kasi ya mtandao.

“Kitasikia tunayoongea?” aliuliza jirani yake, aliyekuwa akichambua mchele kibarazani.

“Hapana, mama. Chukulia umemtuma mtu Munisagara. Mimi naangalia saa aliyoondoka na saa aliyorudi. Kapuni kabeba nini, siulizi.”

“Na akikaa kwa hawara?”

“Ndipo tunajua njiani kuna tatizo.”

Wakacheka, mwenye nyumba akakubali.

Wiki ya kwanza vipimo vilikuja vizuri. Ya pili vikaanza kukatika: kila siku mchana kimya, jioni vinarudi. Msimamizi wangu chuoni aliniambia nyumba isiyo na vipimo vya siku nzima niiondoe. Kuiondoa hiyo kulikuwa kuiondoa Kilosa yote, na utafiti ulihusu miji miwili.

Nilipiga simu. “Kipo, mwanangu, kinaendelea vizuri kabisa,” alinijibu. Jibu hilo likanitia wasiwasi zaidi. Watu wetu hawakukatalii usoni. Nilijiambia maneno ya jirani yamemwingia, sasa anakichomoa mchana na kunionea aibu kusema.

Nikapanda basi kwenda Kilosa, njia nzima nikipanga namna ya kumwambia kwamba ana haki ya kukataa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona ghafla, wamekufukuza chuo?”

“Bado,” nikasema, na jirani akacheka kuliko nilivyopenda.

Nilipoketi sebuleni, macho yalikwenda moja kwa moja kwenye meza ya televisheni. Sikukiona kisanduku. Niliona vitambaa vyeupe vya kufuma: kimoja juu ya televisheni, kingine juu ya redio, na cha tatu kipya, kizito, chenye ukingo wa waridi, kimefunika kitu hadi chini.

“Nimekifumia chake,” alisema kwa fahari. “Vyote vimevaa, chenyewe kiko uchi kinapigwa vumbi. Kitu cha mgeni hicho.”

Niliingiza mkono chini ya kitambaa. Kisanduku kilikuwa cha moto kama bakuli la uji. Nilicheka mpaka machozi yakanilenga, maana siku kumi nzima nilikuwa nimejiandaa kukataliwa.

Nikamweleza taratibu: kile kisanduku hupumua kwa vitundu vya ubavuni. Joto la mchana likizidi, kinajizima kisije kikaungua. Jioni kikipoa, kinawaka tena.

Alishika kichwa. “Yaani nimemfunika blanketi mgonjwa wa homa! Mimi, nesi mzima!”

“Miaka yote ile wodini,” jirani akadakia kutoka mlangoni, “Mungu ametuepusha na mengi.”

Hatukukivua heshima yake. Alikikunja kitambaa mara mbili, akakitandika mezani, na kisanduku tukakiweka juu yake, wazi.

Kesho yake nilikuwa Mikumi mbele ya kompyuta. Saa nane mchana ilipita, saa tisa ikapita, na vipimo vya Mabwerebwere viliendelea kuingia. Msimamizi alikubali tuanze kuhesabu mwezi upya. Kabla sijapiga simu kutoa habari, ya kwangu iliita.

“Mwanangu, homa imeshuka?”

“Imeshuka, mama.”