Mseto wa Kuwataja Marehemu

Kila Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa Waswahili, wanawake wa kichochoro chetu hapa Mji wa Kale hupika mseto wa mchele na pojo mlangoni petu na kuwataja majirani waliofariki. Sharti ni moja tu: marehemu hutajwa na mtu aliyewahi kula chakula chake. Anayeshika mwiko na kuongoza siku hizi ni mamangu. Miguu inamsumbua, na aliogopa ada hii itakufa naye. Maafisa wa turathi walipotaka kuiandikisha alifurahi hadi akanunua leso mpya Biashara Street. Wao wakaiita turathi isiyoshikika. Nilicheka, maana sufuria ile nimeishika mimi mwenyewe, vidole vikaungua.

Aliyekataa ni ami yangu, mdogo wa marehemu babangu, anayekaa mtaa wa Kizingo. Alisema hiyo ni bidaa, jambo la kuzushwa katika dini, na ukoo wetu usihusishwe. Majirani wakagawanyika, wengine wakaacha kusalimiana, na maafisa wakasema bila ridhaa ya ukoo hawaendelei. Niliudhika sana. Mtu haonekani kichochoroni ila kwa maziko, leo ndiye msemaji wetu!

Siku ya Mwaka ilipofika alikuja kuhakikisha hakuna kamera. Mamangu hakubishana naye. Alimkaribisha, akamuuliza hali za nyumbani, kisha akamweleza kwamba bibi mmoja jirani, aliyekuwa akimtaja nyanya yangu, mamake ami, kila mwaka, alikuwa ameshazikwa.

"Shemegi, mimi mamako sikumdiriki," alisema. "Sikula mkononi mwake. Leo hana wa kumtaja."

Wanawake wakataja watu wao, mmoja baada ya mwingine, hadi mamangu akachukua kifuniko afunike sufuria kumaliza ada. Hapo ami akasogea, kanzu yake nyeupe ikagusa masizi, akalitaja jina la mamake. Akaongeza tu kwamba mamake alikuwa akimfichia ukoko wa sufuria utotoni. Hasira zangu zote zilikwisha pale pale.

Ada yetu haijaandikishwa mpaka leo, na ami bado anaiita bidaa. Sitamlazimisha. Namshukuru kwa alilolifanya mwaka uliofuata, alipokuja na wajukuu wake wote, akawaketisha mbele ya sinia ya mamangu.

"Kuleni," aliwaambia, akimwonyesha mamangu. "Nyanya yenu huyu asije akakosa wa kumtaja."