Kiti cha Mama Kwenye Landrova

Tangu astaafu, ni watu wachache mno waliokumbuka kwamba Nesi ana jina jingine. Alikuwa Nesi kwa watoto aliowachanja na Nesi kwa watoto wa watoto hao. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo cha waziri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa na kicheko kilichomtangulia kila mlango alioingia. Hakuolewa. Aliyethubutu kumuuliza kisa aliambiwa kwamba nafasi ya mume ilikwisha kuchukuliwa na landrova.

Hilo halikuwa mbali sana na ukweli. Miaka yote ya kazi aliendesha gari hilo, makasha ya chanjo yakiwa nyuma, akipanda vilima ambavyo wenzake walivitazama kwa mbali tu. Idara ya afya ilipoichoka landrova na kuipiga mnada, Nesi ndiye aliyeichukua, wakaendelea kuzeeka pamoja. Milango ilifungika kwa kubembelezwa, na kifuta kioo kilifanya kazi siku kilipojisikia. Injini, hata hivyo, ilikuwa bado na roho ya ujana. Kilichokufa ni viti. Sponji ilikuwa imegeuka unga, turubai limechanika, na kwenye kiti cha abiria kulikuwa na springi moja iliyokuwa ikimsalimia kila anayekaa, bila kuchagua mkubwa wala mdogo.

Nesi mwenyewe angevumilia hadi kufa. Tatizo lilikuwa Mama.

Mama alivunjika nyonga alipoteleza uani. Ilipona, akarudi kutembea kwa mkongojo, lakini mguu wa kushoto haukurudi kuwa ule wa zamani. Ndugu yake wa pekee, Mama Mdogo, aliishi juu mlimani, mwisho wa barabara ya mawe ambayo magari mengine yaliishia chini yake kwa aibu. Naye magoti yalikuwa yamemwisha, hakuweza kuteremka. Basi dada wawili waliokua kwenye kitanda kimoja sasa walikuwa watu wa simu. Mmoja hakusikia vizuri, na mwenzake hakupenda kurudia maneno. Kila mazungumzo yaliishia kwenye ugomvi, na kila ugomvi ulimwacha Mama ameketi dirishani, simu mapajani, akiutazama mlima.

Walijaribu kumpeleka mara moja. Meneja, mdogo wake Nesi na kitinda mimba wa nyumba hiyo, alimshika Mama kwapani, jirani akamshika miguu, wakamnyanyua hadi juu ya kiti. Majirani wengine walitoka kutazama. Hawakufika hata njia panda.

"Nishusheni," Mama alisema. "Mimi si friji."

"Mama, tumekaribia barabara kubwa," Meneja alimsihi.

"Nimesema nishusheni. Nitapanda gari hili siku nitakayopanda kwa miguu yangu. Au mnibebe siku ambayo sitaona nani ananibeba, na hiyo siku mtaingoja sana."

Mama akisema alikuwa amesema. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni, na yeye ndiye aliyekuwa akiifunga tai yenyewe. Hakuwa tayari mtaa umwone ananing'inia kama nguo iliyoanikwa.

Hivyo Nesi alikata shauri: landrova itavaa viti vipya, na kimoja kitakuwa cha Mama, atakachokipanda mwenyewe bila mkono wa mtu. Alikwenda kwa fundi aliyejulikana kama Sofa, kwa sababu alianza maisha kwa kutengeneza makochi kabla ya kuhamia kwenye magari. Meneja alijialika.

Nyuma ya gereji ya Sofa kulikuwa na viti vya magari yaliyokwisha kufa, vimepangwa safu kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Meneja alikwenda moja kwa moja kwenye jozi ya ngozi nyekundu.

"Hivi hapa, Dada. Mama anashuka mbele ya nyumba ya Mama Mdogo, mlango unafunguliwa, wekundu unaonekana. Heshima!"

Nesi alikaa. Kiti kilimmeza hadi magoti yakaja karibu na kidevu.

"Heshima imeingia," alisema kutoka chini. "Itatokaje?"

Alijaribu vya basi, vikawa na migongo mirefu na vigumu kama benchi la kungojea hukumu. Akajaribu vya gari dogo la michezo, Sofa akacheka mpaka akashika ukuta, maana Nesi alitoka humo kwa kutambaa. Kisha, kwenye kona, aliona viti viwili vipana vya kitambaa cha kijivu, vimetolewa kwenye basi dogo la kitalii. Aligusa kimoja kwa goti. Kiti kikazunguka polepole, kikamtazama.

"Hivyo vilikuwa vya mbele," Sofa alieleza. "Mtu akitaka kuzungumza na wa nyuma, anakigeuza. Vina kitasa hapa, ukikibana kiti kinazunguka, ukikiachia hakisogei hata uruke."

Nesi alikigeuza, akakirudisha, akakigeuza tena. Alikuwa amekwisha kumwona Mama: amesimama juu ya ngazi, ameushika mpini wa chuma, anakaa kwa utulivu uso ukitazama nje, halafu anazungushwa ndani kama malkia.

"Basi," alisema. "Nimepata."

"Bado," Sofa akasema. "Kiti si kiti mpaka kimjue mwenyewe."

Hapo ndipo alipoleta sanduku lake. Lilikuwa bapa na pana, limejaa mchanga wenye unyevu, limefunikwa nailoni. Ndiyo njia yake, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye njia hiyo. Mteja alikaa juu ya mchanga, akatulia, akainuka. Sofa akapiga magoti kuisoma alama: wapi uzito umezama, wapi umeelea, akakata sponji kufuata hiyo. Alijisifu kwamba anaweza kumtambua mtu kwa alama yake kabla hajamwona uso.

Nesi alirudi nyumbani kumweleza Mama. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Unataka niende gereji, penye barabara, nikaache alama ya makalio yangu kwenye mchanga, mwanamume aipigie magoti?"

"Anaisoma tu, Mama."

"Akasome gazeti."

"Ni kazi yake."

"Na jina la baba yako je? Watu waseme, mke wa fulani alama yake iko kwa Sofa? Nenda wewe. Umbo lako nimelizaa mimi, litafaa."

Nesi alijua kwamba halitafaa. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa miili ya watu. Lakini alimwogopa Mama kuliko alivyoogopa mchanga, na tena alikuwa na haraka ya furaha. Kesho yake alikaa kwenye sanduku. Sofa alipouliza, "Wewe ndiye mwenye kiti cha abiria?" akajibu bila kupepesa, "Ndimi."

Kazi ikaanza, na Nesi alishinda pale kama jamaa wa mgonjwa. Viti vya zamani viling'olewa, bolti zenye kutu zikilia. Chini yake walikuta vitu vya karne nyingine: vizibo vya chupa za dawa, kalamu, na kiatu kimoja cha mtoto ambacho Nesi alikishika akacheka, kwa sababu alimkumbuka aliyekikimbia pamoja na sindano. Sofa alichomelea fremu ya chuma kuviinua viti vipya ili vikizunguka visigonge mlango. Kila upande akatia ngazi ya kukunja yenye vikanyagio viwili vipana, na mpini kwenye nguzo ya mlango, akauzungushia ngozi usiubane mkono wa mzee. Kiti kipya cha dereva kilibaki na sponji kilichokuja nayo, maana Nesi alisema yeye hana makuu.

Siku ya kujaribu, landrova ilisimama mbele ya nyumba ikiwa imeoshwa hadi ikaonekana kama imepigwa picha. Mama alitoka amevaa vizuri. Majirani walikuwa kwenye vibaraza vyao, wakifanya shughuli ambazo hazikuwepo dakika chache zilizopita.

"Asinisaidie mtu," Mama alisema.

Alimpa Meneja mkongojo. Akakanyaga ngazi, akashika mpini, akapumua, akapanda ya pili. Akageuka, akakaa. Nesi alibana kitasa, kiti kikamzungusha Mama ndani taratibu. Jirani mmoja akapiga makofi, akajisahihisha kwa kujifanya anafukuza nzi.

Mama alinyoosha nguo yake. Kisha akaanza kuteleza. Polepole, heshima yake yote ikiwa kamili, aliegemea upande wa mlango hadi bega likagusa kioo. Akajivuta katikati. Akateleza tena.

"Kiti hiki kina mtu ndani," alisema.

"Mama, kimya kidogo, kizoee," Meneja akasema.

"Nakwambia kina mtu. Nimemkalia mtu." Alimtazama Nesi. "Nesi. Hebu panda wewe."

Alishuka mwenyewe, vilevile alivyopanda. Nesi akapanda, akakaa. Alikusudia kuukaza uso, lakini kiti kilimpokea mgongo, kikamshika kiuno, na kabla hajajizuia akatoa sauti ya mtu aliyeingiza miguu kwenye maji ya uvuguvugu.

"Aaah!"

Sofa, aliyekuwa amesimama pembeni akisubiri sifa, alisogea hadi mlangoni.

"Dada Nesi! Uliniambia ndiwe!"

"Nilisema kweli," Nesi alijibu, macho bado ameyafumba. "Ndimi."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akaomba mkongojo wake. Halafu akatazama mlima. Kiti cha kupanda alikuwa nacho. Cha kumfikisha huko hakuwa nacho, kwa sababu alilikataa sanduku la mchanga.

"Wewe Sofa," alisema hatimaye. "Hilo sanduku lako linabebeka?"

"Linabebeka, Mama."

"Lilete. Sebuleni, si kibarazani."

Lililetwa. Mama alifunga mapazia kwa mkono wake mwenyewe. Meneja aliwekwa langoni kuzuia wageni. Sofa aliamriwa autazame ukuta, penye picha ya marehemu, "ili nyote wawili mjue mko wapi." Nesi alitandaza nailoni. Mama akakaa juu ya mchanga, akafumba macho, akatulia kama anayepigwa picha ya pasipoti.

"Nimeinuka," akasema. "Sofa, usigeuke bado. Naangalia mwenyewe kwanza."

Aliinama juu ya mkongojo. Alama ilikuwa pana, imezama sana kulia, na kushoto imegusa tu, kama mtu aliyekaa tayari kuondoka. Nesi alidhani atasikitika.

"Loo," Mama alisema. "Kumbe nimebaki mwingi hivi! Na nyinyi mnavyonilazimisha kula nyama mkidai nimekonda. Geuka, Sofa. Soma. Na ukimaliza, usawazishe mchanga mbele yangu, nione."

Sofa alisoma haraka kuliko alivyowahi kusoma. Akausawazisha mchanga kwa kiganja, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza Mama hakuridhika.

Kiti cha Nesi kikahamia upande wa dereva, kwa kuwa viwili hivyo vilikuwa pacha na bolti zao zililingana. Kile cha dereva kikafunguliwa, kikatiwa sponji nene upande wa kushoto na laini kulia, kikawa cha Mama. Asubuhi kilipokuwa tayari, alipopanda na kuzungushwa ndani, safari hii alikaa katikati. Meneja alisukuma gari kulitikisa. Mama hakusogea.

"Huyu sasa ni mimi," alisema. "Twende."

Waliupanda mlima asubuhi hiyohiyo. Mama aliitazama barabara kama mtu aliyekabidhiwa kuilinda. Kila jiwe alilisalimia, kila kona alimwambia Nesi aanze kukata mapema, na Nesi, ambaye aliipita barabara ile kabla nusu ya nyumba zake hazijajengwa, alikata alipoambiwa.

Mama Mdogo alikuwa mlangoni, amesimama kwa kushikilia fremu. Hakulia. Alilichunguza gari.

"Nani amekupandisha?" alipaza sauti.

"Nimepanda mwenyewe!"

"Muongo!"

"Njoo uone basi!"

Mama Mdogo alikuja na magoti yake mabovu, hatua kwa hatua, hadi ubavuni mwa landrova. Mama alibana kitasa, akazunguka kumtazama, na kwa muda walishikana mikono tu. Kisha Mama Mdogo akaangalia ngazi, akaangalia kiti cha dereva kilichokuwa wazi, na bila kuomba ruhusa akazunguka upande wa pili. Nesi alifungua ngazi ya upande huo. Ilichukua muda, lakini hakuna aliyemgusa.

"Hiki kizuri," alisema, akijigeuza kulia na kushoto. "Hiki ni cha nani?"

"Changu, Mama Mdogo," Nesi alisema.

"Kilikuwa chako."

Nesi aliingia ndani, akaandaa meza, akapika chai, akapanga vikombe vile vya wageni. Akarudi kuwaita. Walikuwa wamegeuza viti vikatazamana, magoti kwa magoti, vioo wamefunga upepo usiingie. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mmoja alisikia na mwingine hakulazimika kurudia.

Aligonga kioo. "Chai tayari. Meza iko ndani."

Mama alifungua kioo upana wa mkono mmoja.

"Lete huku," alisema. "Na yako kanywee kibarazani, mwanangu. Gari limejaa."