Gari la Jeneza Lililoitwa Ubani

Abdulghafur wa Kibokoni hakuwahi kuwa mtu wa kupishwa njia mpaka alipopewa ufunguo wa gari la jeneza. Ujana wake wote aliumaliza kwenye malori ya bandarini, akikaripiwa na makarani, akipigiwa honi na kila mwenye haraka, na jioni akifika nyumbani mkewe Mwanakuu humwuliza alikuwa wapi. Macho yalipoanza kuchoka aliacha safari za mbali. Wakati huo msikiti wa mtaa ulikuwa umenunua pikapu kuukuu ya dizeli ya kuchukulia maiti, na imamu akamwuliza kama ataweza kuiendesha polepole. Polepole ndio mwendo pekee ambao gari lile liliujua.

Tangu hapo mambo yakageuka. Akiwa usukanini na kanzu iliyopigwa pasi, jeneza nyuma yake limefunikwa kitambaa cha kijani, hata matatu zisizopisha mtu zilikaa kando. Askari wa barabarani walimpa njia. Waliokaa barazani waliinuka. Abdulghafur alijua fika kwamba heshima ile ni ya maiti, lakini naye alijimegea tonge lake, na sioni wa kumlaumu. Mtu aliyepigiwa honi miaka yote hiyo akipishwa njia mara moja, hataki tena kurudi alikotoka.

Gari lilikuwa na kasoro moja, ambayo mtaa mzima uliijua na hakuna aliyeitaja mbele yake. Lilitoa moshi. Si moshi wa kupuliza ukaisha, bali moshi mweusi, mzito, unaokaa katika vichochoro vya Mji wa Kale mpaka maziko yamekwisha na watu wamerudi. Vijana walilipa gari jina la Ubani, kwa kuwa halikupita mahali bila kufukiza. Yeye akisikia hujibu, "Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa," na mazungumzo hukomea hapo.

Waliouvuta moshi huo zaidi ni waliosindikiza. Kumfuata maiti kuna thawabu, na hata mpita njia asiyemjua marehemu huinuka akaandamana naye hatua chache. Gari hutangulia, watu hufuata kwa miguu. Wa mbele kabisa, kila mara, alikuwa Muhdhar, mpishi wa halua aliyestaafu, aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na Abdulghafur tangu utotoni. Na kila mara Muhdhar aliishia Makadara. Hapo hushika ukuta, akakohoa, kisha akarudi nyumbani taratibu. Hakuwahi kufika Kikowani makaburini, na jambo hilo lilimuuma.

"Umri," Abdulghafur humwambia Mwanakuu. Yeye na Muhdhar walizaliwa mwaka mmoja, lakini hilo hakulitia katika hesabu.

Kisha ukaja mwaka wa kupimwa moshi. Wapangaji wa uchukuzi wa kisiwani na wenzao wa kaunti za jirani walikubaliana kwamba haitoshi kupanga njia na vituo; kinachotoka nyuma ya magari nacho kipangiwe sheria. Basi, lori, tuktuk, kila kitu kipimwe, na kitakachoshindwa kikae kando mpaka kitengenezwe. Madereva walipiga kelele. Wanawake wanaoanika nguo zao kwenye roshani za Mji wa Kale hawakupiga.

Abdulghafur aliposikia aliingiwa na hofu. Alijua Ubani halitapita, hilo halikuhitaji fundi. Gari likisimamishwa, yeye atakuwa nani? Atarudi kuwa mzee wa kuulizwa alikuwa wapi. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, na asubuhi moja mafuta yalipokaribia kwisha na akaambiwa wapimaji wamepanga vyombo vyao barabara ya Makadara, njia ya kituo cha mafuta, shetani akamnong'oneza.

Alilipandisha jeneza tupu garini, akalifunika kitambaa cha kijani, akakivuta pembe zikakaa sawasawa.

Mwanakuu alikuwa mlangoni. "Innalillahi! Nani alokufa?"

"Hakuna. Naenda kutia mafuta."

"Na jeneza nalo lenda kutia nini?"

Alipiga moto, Ubani likafukiza, akaondoka.

Makadara palikuwa na foleni ya magari, na kando yake msichana aliyevaa koti la kung'aa, Mejumaa jina lake, mtu wa Kwale, ameshika mrija wa kutia katika mabomba ya moshi. Aliinua mkono kulisimamisha gari. Akaona kijani. Mkono ukashuka, akainamisha kichwa. Abdulghafur alipita mbele yake macho mbele, uso wa maziko, na moyoni akicheka kama mtoto aliyeiba kashata.

Kicheko kilikatika alipotazama kioo. Nyuma yake kulikuwa na watu. Wazee wa baraza la kona walikuwa wameinuka na kufuata. Mwenye duka la viungo alikuwa ameegesha mlango akaja na tasbihi yake. Wauza kahawa, mafundi wa viatu, mpita njia aliyebeba mkate, wote waliandamana, midomo ikienda kwa dua, na wengine waliwaona hao wakajiunga. Mbele yao wote, mkono mmoja juu ya gari, alikuwa Muhdhar na kikoi chake cha nyumbani.

Kituo cha mafuta kilikuwa pale mbele, kinaonekana. Ataingiaje na msafara wa maziko? Akisimama, watataka kuteremsha maiti. Akienda, waenda naye mpaka wapi? Akafanya alilolijua tangu enzi za malori, akakanyaga mafuta ili awaache nyuma.

Ubani likatapika. Moshi uliwafunika mpaka hakuona mtu kiooni, alisikia vikohozi tu. Ulipopungua kidogo alimwona Muhdhar ameketi chini kando ya barabara, mikono magotini, mdomo wazi, anatafuta pumzi asiipate, na wenzake wamemshika mabega.

Abdulghafur alizima gari. Alishuka, akamwendea. Mejumaa naye alikuwa amekuja mbio na chupa ya maji, amepiga magoti mbele ya Muhdhar, anampepea kwa karatasi na kuwasogeza watu ili apate hewa. Ilichukua muda. Pumzi ikarudi kidogo kidogo, ikipiga filimbi kifuani.

"Nani alokufa?" mwenye duka akauliza. "Mbona hatukusikia ikitangazwa msikitini?"

Angeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini Muhdhar alikuwa akimtazama, na Abdulghafur akaenda nyuma ya gari akakivuta kile kitambaa. Jeneza lilikuwa wazi na tupu mbele ya watu wote.

Mmoja alisema astaghfirullahi. Mwingine alicheka, akajiziba mdomo.

"Ghafur," Muhdhar akasema, sauti nyembamba, "n'meacha uji wangu barazani. Nimekuya kumzika nani?"

"Hakuna mtu. N'lificha gari lisipimwe." Kisha akasema lile alilokuwa hajalisema hata kwa mkewe. "Na kumbe ni mimi n'kurudishao hapa kila siku. Nisamehe, ndugu yangu."

Muhdhar alikunywa maji, akamrudishia Mejumaa chupa, akamshukuru.

Abdulghafur aliligeuza gari mwenyewe, akalipeleka kwenye foleni, nyuma ya lori la mchanga. Zamu yake ilipofika Mejumaa alimwamkia shikamoo kama hakuna lililotokea, akatia mrija, akamwomba akanyage mafuta, akatazama mashine yake. Hakutazama kwa muda mrefu.

"Baba, siwezi kulipitisha. Pampu na nozeli zimekwisha. Likitengenezwa, lilete."

"Na maiti wakitokea kesho?"

Msichana alimtazama, akastaajabia swali. "Kwetu Kwale twawabeba mabegani, baba."

Ubani likavutwa kwa kamba mpaka kwa fundi wa Buxton, na fundi akawa anangojea pampu. Mtaani walimtania Abdulghafur, kama ilivyo ada. Akipita barazani mmoja husimama kwa unyenyekevu na kuuliza maziko ni saa ngapi. Alivumilia. Dawa ya moto ni moto, lakini yeye hakuwa na wa kuwarudishia.

Kabla pampu haijafika alifariki bibi mmoja wa Kibokoni, mfuma kofia, mtu wa watu. Baada ya sala ya adhuhuri jeneza liliinuliwa, na Abdulghafur akasogea kutia bega. Hapo ndipo alipotambua kwamba katika miaka yote ya kuwapeleka watu makaburini, hakuwahi kumbeba hata mmoja mabegani. Mti wa jeneza ulimkata bega. Hakujua namna ya kubadilisha. Kijana mmoja alimwelekeza, aingie huku, atokee kule, ampokee wa mbele. Vichochoroni zilisikika dua na vishindo vya miguu, na harufu ilikuwa ya ubani wa kweli.

Makadara alipokewa, akarudi nyuma kupumzisha bega. Akageuka, kwa mazoea, kuutazama ule ukuta wa Muhdhar. Haukuwa na mtu.

Kikowani, udongo ulipokwisha kuanza kutiwa, alimwona mtu amechuchumaa kandoni mwa kaburi, anateka udongo kwa kiganja na kuumwaga taratibu, kisha anateka tena. Alipoinuka, kanzu ilikuwa na vumbi magotini, na pumzi yake ilikuwa nzito ya mtu aliyetembea, si zaidi.

"Ghafur," Muhdhar akasema. "Leo n'mefika."

Abdulghafur alitaka kumwomba radhi tena, na maneno alikuwa nayo. Lakini macho yalimwasha, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.