Pumzi Aliyokatazwa Bi Umi

Huku kwetu, ng'ambo ya korongo ukitoka Njinjo, ukiuliza ni nani waliozaliwa kimya wakazinduliwa na Bi Umi, utaoneshwa watu wenye ndevu na wake wawili. Umi ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu, na mimi Somoe sina tabia ya kumsifu mtu bure, wifi hasa. Lakini haki ya mtu mpe. Mtoto akitoka bila kulia, Umi alimpangusa, akamlaza, akaufunika mdomo na pua yake kwa mdomo wake mwenyewe, akapuliza taratibu kama mtu anayeamsha kaa la moto. Alifundishwa na mama yake. Baadaye wauguzi walikuja na semina yao, wakamwambia mama yake hakukosea. Serikali ilipotaka wanawake wote wajifungulie kituoni, hakununa. Akawa anawasindikiza, anawabebea khanga zao, na anamgombeza mwenye bodaboda aende polepole.

Mimi damu siiwezi. Kuku akichinjwa nageukia ukutani. Watoto wangu nimewazaa macho nimefumba, na Umi hunitania mpaka leo kwamba ndiye aliyeniambia kuwa nimeshazaa.

Basi, mganga hajigangi. Kauvimbe kalimtoka shingoni, yeye akakafunika kwa ushungi mwaka mzima, mpaka mwanawe Hussen alipokaona siku anachota maji na ushungi umeanguka. Nilimsema sana siku ile. Mtu anayekimbiza matumbo ya wenzake hospitali, shingo yake anaifunga kama mzigo wa magendo! Dar es Salaam wakasema ni saratani ya tezi ya shingo. Wakaikata. Kisha wakasema kuna mabaki ambayo kisu hakiyafikii, nayo yatatafutwa kwa kidonge.

Kidonge chenyewe kilikuwa na masharti kuliko mganga wa Kikole. Kwanza alikatazwa samaki, dagaa na chumvi ya dukani. Mtu wa Kilwa, ugali na mchicha usio na chumvi! Alivyoelezwa ni kwamba tezi hiyo inapenda madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi. Ikishindishwa na njaa kisha ikaletewa madini joto yenye mionzi, itayabugia bila kuuliza, na mionzi iue ugonjwa huko huko ulikojificha.

"Wifi," nikamwambia kwenye simu, "hiyo si dawa, huo ni mtego wa panya."

Akacheka mpaka akakohoa.

Aliyemhudumia ni kijana mmoja aitwaye Josephat. Kidonge alikileta ndani ya chombo kizito cha madini ya risasi, akampa, akarudi nyuma akasimama mbali wakati wifi anakimeza. Umi akakaa chumba cha peke yake, hana mgeni, na kila asubuhi Josephat alisimama mlangoni na kipimo cha mionzi kinacholia. "Bado unapiga kelele, mama," alimwambia. Kelele zilipopungua wakampitisha kwenye mashine ya picha. Shingoni pamewaka pale walipotaka pawake, na mapafu ni salama. Tukamshukuru Mungu, nikachinjisha kuku, nikageuka ukutani.

Lakini siku ya kumruhusu, Josephat alimkalisha akasema naye kama anavyosema mtu na mama yake. Dawa bado imo mwilini, inapungua siku hadi siku. Kwa wiki mbili asikae karibu na mtoto wala mwenye mimba. Kupita tu si neno, kukaa ndiko kubaya. Alale peke yake, vyombo vyake viwe vyake. "Na mate yako, mama, yana dawa. Kwako ni dawa. Mtoto mchanga naye ana tezi hiyo hiyo, na yake haijui kukataa kitu. Ikiyapata, itaungua."

Umi aliniambia maneno hayo ndiyo yaliyomtia hofu kuliko kisu. Maana nyumbani alimwacha mkwewe, Sikudhani, mke wa Hussen, mwenye mimba yake ya kwanza.

Hesabu ilikuwa nzuri. Sikudhani alikuwa na mwezi mzima mbele yake, na wiki ile alikuwa ahamie mjini kusubiri karibu na hospitali. Umi akarudi kwa gari la kukodi, kiti cha nyuma peke yake, madirisha wazi, na hakuingia nyumbani. Alifikia kwenye kibanda cha mikoroshoni. Chakula nilimwekea kwenye kisiki, nikarudi nyuma, akaja akachukua. Tukasalimiana kwa kupiga kelele kama wafukuza nguruwe.

Watu wana midomo. Kisimani wakamwambia Sikudhani kwamba mkwe asiyetaka hata kukutazama ana lake jambo. Nilimweleza msichana yule kila kitu, kidonge, mionzi, mate. Akaniitikia, "Ndiyo, shangazi," kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini. Iliniuma sana, maana Umi alikuwa akiuliza habari za tumbo lile kabla hajauliza kuna chakula gani.

Ikaja ile siku ya mvua, Sikudhani bado hajahamia mjini, na wiki mbili za Umi hazijaisha. Asubuhi Sikudhani aliamka kiuno kinamuuma. Hussen akasema anavuka korongo kumleta muuguzi na bodaboda. Alivuka maji yakiwa magotini. Kabla ya adhuhuri akapiga simu: muuguzi amempata, wako ukingoni, lakini korongo limejaa na linabeba magogo. Wanatafuta kamba. Huku kwetu majirani wote walikuwa wamehamia kwenye madungu bondeni kulinda mpunga. Nilibaki mimi na Sikudhani, na chupa ilikuwa imeshapasuka.

Nilimpigia Umi nikilia. Alikuja mbio kutoka mikoroshoni, khanga zimemganda mwilini, mpaka katikati ya uwanja. Hapo akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Wifi, ingia!"

"Siingii. Fungua dirisha lote. Sema unachokiona."

"Naona mambo nisiyoyataka!"

"Somoe!" Hajawahi kuniita jina langu tupu tangu aolewe. "Nawa mpaka viwikoni. Kuna mkoba wangu wa kusindikizia juu ya kabati, niliufunga kabla sijaenda Dar, sijaugusa tena. Mna glavu, wembe mpya na vibana vya kitovu. Ukipata kizunguzungu kaa chini, lakini usifumbe macho."

Nikafanya. Glavu ya kwanza niliivaa kwa pupa ikachanika. Sikudhani alikuwa kwenye mkeka, meno ameyauma, na kila uchungu ulipompanda alimwona mkwewe dirishani, amesimama mbali, mvua inampiga.

"Mama, njoo unishike mkono," akasema.

Umi akatikisa kichwa.

"Mama! Nimekukosea nini?"

Nilimtazama Umi. Alikuwa amejikumbatia, kucha zimezama kwenye mikono yake. "Hujanikosea kitu, mwanangu," akasema. "Ninachokuogopea kimo ndani yangu. Mshike shangazi yako. Mvunje mkono ukitaka, ana mwingine."

Sikudhani aliushika. Alikaribia kuuvunja kweli.

Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba sauti ya Umi ilipita dirishani bila kupanda wala kushuka: sasa asisukume, aheme, sasa asukume, weka kiganja chako hapo, usivute, mtoto havutwi, mtoto hupokelewa. Sikudhani aliona haya akataka kujifunika, Umi akampigia kelele kwamba mficha uchi hazai. Nilikuwa nasoma kila dua niliyowahi kuisikia, na nyingine nadhani nilizitunga. Kichwa kikatoka, kisha mabega, kisha mtoto wote akaniangukia mikononi, anateleza, wa moto, mvulana.

Hakulia.

"Semeni," Umi akasema. "Mbona kimya?"

"Halii."

"Mpanguse. Msugue mgongo kwa khanga kavu. Kwa nguvu."

Nikamsugua. Alikuwa na rangi ya zambarau mbivu, mikono inaning'inia. "Halii, wifi! Halii!"

Sikudhani akajaribu kuinuka. "Amekufa? Shangazi, amekufa?"

Nilipogeuka, Umi alikuwa mlangoni. Sikumsikia akipita uwanja. Alikuwa amejifunga khanga puani na mdomoni, kaikaza kisogoni, na kutoka kwenye mkoba nilioubwaga kizingitini alikuwa anajivika glavu. Macho yake yalikuwa kwa mtoto tu. Na chini ya ile khanga iliyolowa niliuona mdomo wake ukienda wenyewe, unajikunja, unajikunjua, ukiifanya ile kazi ambayo umeifanya tangu yeye ni msichana. Niliogopa. Nilidhani ataivua khanga. Wallahi ningekuwa mimi ningeivua.

"Mlaze," akasema. "Mpulize."

"Mimi?"

"Wewe. Mdomo wangu una dawa. Funika mdomo na pua pamoja. Pumzi ya mashavuni tu, ya kifuani utampasua. Tazama kifua chake."

Niliinama. Mdomoni mwangu mkaja chumvi na damu, ile ile damu ninayoikimbia. Nikapuliza. Kifua hakikunyanyuka. Nikapuliza tena, hewa ikatokea pembeni.

"Haingii! Umi, fanya wewe! Mara moja tu!"

Akapiga hatua moja, akapiga magoti. Uso wake ulikuwa juu ya uso wa mjukuu wake. Kwa vidole viwili tu alimwinua kidevu, kidogo, kama mtoto anayenusa chakula jikoni, kisha akajivuta nyuma upesi kama aliyegusa chungu cha moto.

"Sasa," akasema.

Nikapuliza. Kifua kikapanda. Nilikiona kwa macho haya, kimepanda kama unga uliotiwa hamira. Nikapuliza tena, kikapanda. Tena. Mguu mmoja ukatikisika. Kisha mtoto akakunja uso kwa hasira, akakohoa, akatoa kilio chembamba, kibaya, cha kuchukiza masikio, na mimi sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

"Mweke kifuani kwa mama yake, mfunike," Umi akasema, na tayari alikuwa anatoka kinyumenyume. Uwanjani alivua glavu akazitia kwenye mfuko, akasimama ananawa kwa maji ya mvua yanayomwagika kutoka paani. Ananawa na kunawa. Hapo ndipo aliposhindwa, akalia kwa sauti, mabega yote yanacheza.

Mungu si Athumani. Alasiri mvua ilikatika, Hussen na muuguzi wakavushwa kwa kamba. Muuguzi alimaliza yaliyobaki, akampima mtoto, akasema anapumua vizuri, kesho wote wawili waende kituoni. Akauliza nani alimzalisha. Nikasema mimi.

Umi alimpigia Josephat, simu ameiweka sauti kubwa. Alimweleza yote, hakuficha: kwamba aliingia, kwamba alimgusa kidevu.

"Kwa glavu?"

"Kwa glavu. Kufumba na kufumbua."

"Hilo halina neno, mama. Tulia. Na mdomo wako?"

"Sikumpa."

Josephat, kijana wa Kikristo kabisa, akasema, "Alhamdulillahi."

Jua lilikuwa limetoka. Umi alikaa chini ya upenu wa jiko, uwanja mzima kati yake na sisi, anasubiri nguo zikauke mwilini arudi mikoroshoni. Sikudhani aliniita. Macho yake yalikuwa mekundu. "Shangazi, mpeleke mlangoni," akasema. "Mama yangu hajamwona vizuri."

Nilimbeba nikatoka naye. Umi akanyanyua mkono.

"Simama hapo hapo."

Nikasimama kizingitini, nikaifunua khanga usoni. Alimtazama kwa muda mrefu. Watoto wangapi wamepita mikononi mwake, huyu wa damu yake anamtazamia mbali kama mwezi.

"Wifi," akasema, "kichwani ananukaje?"

Nikainama nikanusa. Nikamwambia ananuka kama mkate wa kumimina ukifunuliwa tu, bado una mvuke.

Umi alifumba macho, akavuta pumzi mpaka kifua kikamjaa.

"Nusa tena," akasema. "Unambie tena."